Kikombe cha Kwanza

Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita, asubuhi iliamka na manyunyu. Haikuwa mvua ya kumlowesha mtu, lakini ilitosha kuyafanya madirisha ya wodi yatoke jasho, na wale mama tisa waliolala humo wakajikunyata ndani ya mashuka yao kama vifaranga. Mmoja wao alikuwa macho zamani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda namba nne, daftari pajani, ncha ya ulimi imetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama ilivyo kawaida yake kila anapoandika. Aliandika hivi: "Jumanne tarehe 14. Manyunyu. Baridi kidogo. Leo siku ya kumi na saba. Asante Mungu wote wapo."

Wote walikuwa wasichana wawili, mapacha, waliokuja duniani wiki tisa kabla ya siku yao. Aliyetangulia alizaliwa na kilo moja na gramu mia nne. Aliyefuata alikuwa na kilo moja na gramu mia moja na themanini, mwembamba kiasi kwamba baba yao alipoonyeshwa mara ya kwanza aliuliza kwa sauti ya chini kama huyo amekwisha kutoka kamili au bado kuna sehemu inakuja. Wodi nzima iliwaita Mkubwa na Mdogo, na mama yao aliitwa Mama Pacha.

Jina hilo lilikuwa bado jipya masikioni mwake. Mtaani kwao wanawake huitwa kwa watoto wao: mama fulani, mama fulani. Yeye kwa miaka kumi na minne ya ndoa aliitwa Fundi tu, kwa sababu ya cherehani yake, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya; hawakuwa na jina jingine la kumwita. Alishona magauni ya ubatizo na ya harusi, akashona na vinguo vya watoto wachanga, akivipima kwa futi yake kama nguo nyingine yoyote. Mteja mmoja aliwahi kumwambia huku akicheka, "Fundi, mashine yako inazaa kila siku, wewe je?" Maneno yale yalimkata maini. Alimshonea nguo yake vizuri kuliko kawaida, akamkunjia, akampa. Mlango ulipofungwa ndipo alipolia.

Hospitali alikwenda, nyingi. Alipimwa damu, akapigwa picha za tumbo, akameza dawa zilizomfanya anenepe uso na dawa zilizomfanya akonde. Mumewe naye akapimwa. Hakuonekana ubaya wowote wa kushika mkononi, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi, maana ugonjwa usio na jina hauna pa kuukamata. Basi akaomba. Kila asubuhi kabla ya kukanyaga cherehani aliinamisha kichwa juu ya meza, paji la uso likagusa chuma baridi, akasema, "Ee Mungu, hata mmoja tu. Hata mmoja, nami sitakusumbua tena."

Akiwa na miaka arobaini na mmoja, alijibiwa. Na alijibiwa mara mbili.

Basi asubuhi ile ya manyunyu, saa kumi na mbili na nusu, mlango wa wodi ulifunguliwa, na mzani ukaingia ukisukumwa kwenye kitoroli chake. Nyuma ya mzani alikuja muuguzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyolia. Wamama walimpa jina la Bi Gramu, na yeye alilijua na hakulikataa. Mama akimwambia mtoto amechangamka, Bi Gramu huuliza, "Gramu ngapi?" Mama akisema mtoto amecheka usingizini, "Gramu ngapi?" Jirani wa kitanda cha tano, muuza mboga asiyejua kunyamaza, alisema kwamba siku Bi Gramu akiposwa, posa itabidi ipite kwenye mzani kwanza.

Mkubwa alilazwa juu ya kitambaa. Gramu elfu moja mia sita na kumi.

"Huyu ananunua kiwanja," alisema muuza mboga.

Kisha Mdogo. Mzani ukachezacheza namba, ukatulia. Elfu moja mia moja na sitini.

Muuza mboga aligeukia kitanda chake, akaanza kukunja kanga ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

Daktari wa watoto alifika saa tatu. Alikuwa binti mdogo kwa umri lakini mwenye macho ya mtu aliyelala kidogo kwa miaka mingi. Alimpapasa Mdogo tumbo, akamsikiliza kifua, akausoma ubao wa kitanda juu hadi chini, akavuta kiti. Mama Pacha alipoona kiti kimevutwa, alifunga daftari. Daktari haketi kwa habari njema.

"Mama," daktari alisema, "mwanao hana homa. Hatapiki. Damu yake nimeipima, haina tatizo. Maziwa anapata kila baada ya saa tatu kama dada yake, kwa kiasi chake. Lakini haongezeki. Siku kumi na saba, na bado yuko chini ya uzito aliozaliwa nao. Mtoto wa hivi hana akiba mwilini. Siwezi kuendelea kumtazama tu."

"Nifanye nini, daktari?"

"Nampa hadi Ijumaa asubuhi. Kama mzani haujasogea, nampeleka hospitali kubwa, wana vipimo ambavyo sisi hatuna."

"Sawa. Nitafunga vitu vyetu."

"Si vyenu nyote, mama." Daktari alishusha sauti. "Gari lina kisanduku kimoja cha joto. Safari ni ya siku nzima. Mkubwa anaendelea vizuri, siwezi kumtoa hapa nikamweka njiani kwenye baridi. Kwa hiyo utabaki naye, na Mdogo aende na muuguzi. Au uende na Mdogo, na huyu abaki anyweshwe maziwa ya kopo mpaka urudi."

"Na nani atachagua?"

"Wewe ndiye mama yao."

Daktari alipoondoka, Mama Pacha alikaa ameshika tama. Hofu iliyomjia haikuwa ngeni. Tangu siku ya kwanza ilikuwa ikimzungukia, na sasa ilikuja ikaketi kwenye kile kiti ambacho daktari alikiacha. Aliomba mmoja. Kwa mdomo wake, miaka kumi na minne, kila asubuhi: hata mmoja tu. Je, kama Mungu anashika neno la mtu lilivyo? Je, kama huyu wa pili aliletwa kutazamwa tu, kisha arudishwe, kwa kuwa hakuna aliyemwomba?

Watu walipompigia simu kuuliza ana watoto wangapi, hakuwahi kusema wawili. Alisema, "Tunamshukuru Mungu." Walidhani ni unyenyekevu.

Saa sita ilikuwa saa ya kukamua. Alikwenda kwenye chumba kidogo kilichokuwa mwisho wa ukumbi, chenye benchi, sinki, na vikombe vya chuma vilivyochemshwa na kufunikwa kitambaa. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Akakamua kikombe cha kwanza, akakifunika, akakibandika plasta yenye namba ya Mdogo. Akakamua cha pili, akakibandika namba ya Mkubwa. Mara nane kwa siku alifanya hivyo, na kila mara aliingiza katika daftari, kwa sababu mwalimu wa madarasa ya jioni alimwambia hivyo.

Madarasa yale alikuwa ameyaanza miaka miwili nyuma. Shule aliiacha darasa la pili. Namba alizijua, futi ilimfundisha, lakini herufi zilimsumbua maisha yote. Jioni tatu kwa wiki alikwenda kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga kidevu, pamoja na mlinzi mmoja, mpishi wa shule, na bibi mwenye wajukuu tisa aliyetaka kusoma barua zake mwenyewe bila kumshirikisha mkwewe. Mwalimu aliwaambia waandike kila siku. "Ukikosa la kuandika, anza na tarehe na hali ya hewa. Ukiandika hayo mawili, la tatu litakuja lenyewe." Tumbo lake lilipokuwa kubwa, bibi yule alimpisha dawati la mbele ili apate pa kunyooshea miguu, na alipolazwa, darasa zima lilimtumia daftari jipya lenye sahihi zao, nyingine zimepinda kama misumari.

Saa kumi alasiri ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, na mkwewe alikuja. Huyu alikuwa mama wa mumewe, mjane mwenye miaka sabini na kicheko cha msichana wa ishirini. Tangu ndoa ilipofungwa hakuwahi kumwuliza mkazamwana wake habari za mimba hata siku moja. Waliothubutu kuuliza mbele yake walirudi na majibu yao.

Alinawa mikono, akavaa gauni la hospitali kinyume, akarekebishwa na muuza mboga, akaja akasimama kati ya vitanda viwili vidogo.

"Wajukuu zangu, hamjambo? Bibi yenu nimekuja. Huyu amefanana na mimi, tazama paji. Na huyu mwingine…" Alimtazama Mdogo muda mrefu. "Huyu amefanana na mimi zaidi. Na mimi nilizaliwa hivi hivi. Walinilaza kwenye kisanduku cha viatu, wakaniweka karibu na jiko. Sasa nitazame!" Alijipiga nyongani.

Mama Pacha alijikaza asilie, akashindwa. Akamweleza yote: Ijumaa, gari, kisanduku kimoja. La sala hakulisema. Mkwewe alimsikiliza, kisha akaketi kitandani akamvuta mkono.

"Futa uso. Ijumaa haijafika, leo ni Jumanne. Nisomee."

"Nikusomee nini, mama?"

"Daftari. Mwanangu aliniambia unaandika kila kitu. Mimi kusoma sijui, lakini kusikia najua. Nataka nikirudi nyumbani niwaambie majirani kwamba mkazamwana wangu amenisomea kwa kinywa chake." Akawageukia wamama wengine. "Jamani, tulieni kidogo, mkwe wangu anasoma."

"Tuko kimya, bibi," alisema muuza mboga, "mwenye kelele ni wewe."

Mama Pacha akafungua daftari. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Jumatatu tarehe 13. Jua la kuchoma. Saa kumi na mbili, kikombe cha kwanza Mdogo. Kikombe cha pili Mkubwa. Saa tatu, kikombe cha kwanza Mdogo. Kikombe cha pili Mkubwa. Mkubwa amepiga chafya mara mbili. Saa sita, kikombe cha kwanza Mdogo…"

"Sauti kama ya redio!" mkwewe alisema, machozi yakimlengalenga kwa fahari.

"…Kikombe cha pili Mkubwa. Saa tisa, kikombe cha kwanza…"

"Rudia hapo."

Ilikuwa sauti ya Bi Gramu. Alikuwa anapita na sahani ya sindano, amesimama katikati ya wodi kama mtu aliyeitwa jina.

Mama Pacha alishtuka. "Nimekosea kusoma?"

"Hujakosea. Rudia. Kikombe cha kwanza nani?"

"Mdogo."

"Kila mara?"

"Kila mara, sista."

"Tangu lini?"

Akafungua nyuma, karatasi baada ya karatasi, mpaka siku ya tano, siku ambayo maziwa yalianza kujaa vikombe. Kikombe cha kwanza Mdogo. Kikombe cha pili Mkubwa. Hakuna siku aliyobadilisha.

Bi Gramu aliweka sahani yake chini. Alikwenda hadi kwenye kabati la vikombe, akarudi na viwili vilivyokuwa vikingoja saa ya kunyweshwa, akavifunua, akaviweka juu ya meza karibu na dirisha. "Njoo utazame. Wewe ni fundi, una jicho la rangi. Niambie."

Mama Pacha aliinama. Kwa siku zote alizokamua alikuwa akitazama kipimo, hakutazama rangi. Kikombe cha Mdogo kilikuwa na maziwa mepesi, meupe ya kuelekea buluu, kama maji yaliyosuuza bakuli. Cha Mkubwa kilikuwa kizito, cha manjano kidogo, na juu yake palikuwa na utando.

"Maziwa yanayotangulia ni mepesi," alisema Bi Gramu. "Ya mwisho ndiyo yana mafuta. Mtoto anayenyonya mwenyewe huanza na mepesi akamaliza na mazito, anapata yote. Lakini hawa hawanyonyi, tunawapitishia kwenye mrija. Wewe umegawa. Mmoja umempa mwanzo wote, mwingine umempa mwisho wote."

Mama Pacha aliinua kikombe chepesi, akakirudisha mezani.

"Nimemnyima mwanangu," alisema Mama Pacha. Akashika meza. "Nimemnyima kwa mkono wangu."

"Kwa nini ulianza na yeye?"

"Kwa sababu ndiye mdogo! Kwetu nyumbani aliye dhaifu ndiye anayepakuliwa kwanza. Mama yangu hakuwahi kumpakulia mtu mwenye nguvu kabla ya mgonjwa. Mimi niliona… niliona nikianza na Mkubwa, Mungu ataniona nimemchagua huyo mmoja."

Mkwewe alinyanyuka akamshika kiunoni. "Hata mimi ningefanya hivyo hivyo," alisema. "Hata mimi! Mgonjwa apakuliwe wa mwisho? Nani amesikia?"

"Nisikilize," alisema Bi Gramu, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue sauti yake ilipungua ukali. "Hukumlisha maji. Ni maziwa, na yamemkinga na magonjwa, ndiyo maana hana homa. Na kosa si lako peke yako. Sisi tuliwafundisha kunawa, tukawafundisha kukamua, tukawafundisha kupima. Mama wa mtoto mmoja hili halimhusu, anachanganya vyote. Mama wa mapacha hakuna aliyemkumbuka. Mimi niko hapa miaka ishirini na mbili na sikukuuliza unaanza na nani. Kama usingeandika, nisingejua mpaka gari linaondoka."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye ubao wa Mdogo kwa herufi kubwa: KIKOMBE CHA MWISHO.

"Lakini simwahidi mtu," aliongeza, uso umerudi mahali pake. "Mzani ndio utasema."

Jumatano asubuhi mzani ulisema elfu moja mia moja na sitini. Ile ile. Daktari, ambaye alikwisha kuelezwa yote, alitikisa kichwa taratibu na kusema inawezekana kabisa ikawa ndiyo sababu, na inawezekana pia ikawa kuna nyingine. Ijumaa ilibaki Ijumaa.

Alasiri alikuja mumewe. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, na kifua chake kilikuwa na madoa madogo ya cheche, miaka ishirini ya cheche. Siku ile Bi Gramu alikuwa ameagiza aje kumbeba Mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi, ili joto la mtoto lisipotee bure na chakula chake kiende kwenye unene. Alimrudisha sinki mara tatu.

"Tena? Sista, nimebaki mifupa."

"Hiki ni kifua au bati? Sugua."

Hatimaye alikubaliwa. Akaketi kwenye kiti cha kuegemea, shati wazi, na Mdogo akalazwa pale katikati, kofia ya sufu kichwani, mrija mwembamba umetoka puani, miguu imekunjwa kama ya chura. Bi Gramu akawafunga kwa kitambaa kipana. Yule mwanamume ambaye hunyanyua geti la chuma peke yake hakuthubutu kuvuta pumzi.

"Pumua, baba," alisema Bi Gramu. "Usipopumua naye atasahau."

Mama Pacha alikuwa amemfunga Mkubwa kifuani kwake. Waliketi wakitazamana, magoti yakigusana, kama watu wawili wanaocheza bao pasipo bao. Ndipo alipoamua kusema.

"Baba watoto, nataka kukwambia jambo. Usinicheke."

"Sicheki. Nikicheka huyu atadondoka."

"Mimi niliomba mmoja." Akamweleza: meza ya cherehani, paji la uso kwenye chuma, maneno yale yale kila asubuhi. "Naogopa. Naona kama Mungu amenishika neno. Amenipa nilichoomba, na huyu wa pili hakuwa wangu. Mimi ndiye niliyepunguza."

Mumewe aliinamisha macho kwa Mdogo. Mkono wake mkubwa ulikuwa umemfunika Mdogo mgongo wote.

"Na mimi nilikuwa naomba," alisema. "Hukujua?"

"Wewe? Lini?"

"Njiani. Nikiendesha baiskeli kwenda kazini. Nilikuwa siombi mmoja. Mimi niliomba watatu."

"Watatu!"

"Watatu. Nilisema tukikaa miaka yote hii, tulipwe na ya nyuma. Sasa wewe ndiye unayesoma hesabu jioni. Mmoja aomba mmoja, mwingine aomba watatu. Katikati hapo pana nini?"

Mama Pacha alimtazama. Kicheko kilimtoka kabla hajakikamata, kicheko cha tumboni, mpaka Mkubwa akarukaruka kifuani na muuza mboga akainua kichwa kuuliza wanakula nini huko cha peke yao. Alicheka akalia, akalia akacheka. Hofu haikuondoka yote, lakini ilinyanyuka kwenye kile kiti.

"Lakini ukiomba tena," mumewe alisema, "niambie kwanza, tupatane."

Alhamisi kulikuwa na jua. Mzani ulisema elfu moja mia moja na hamsini na tano.

Gramu tano chini. Mama Pacha alisimama mbele ya namba ile. Muuza mboga alikuja akamshika bega bila mzaha hata mmoja. Bi Gramu aliandika namba, akafunga kalamu, akasema, "Amepata choo kikubwa asubuhi hii. Nami nilikuwepo. Usihesabu leo." Haikujulikana kama alisema hivyo kumfariji au kwa sababu ilikuwa kweli. Siku ile nzima Mama Pacha aliendelea na kazi yake tu. Alinawa, akakamua, akabandika plasta: cha kwanza Mkubwa, cha mwisho Mdogo. Mkwewe alikuja akambeba Mdogo saa tatu mfululizo, akimsimulia habari za watu wa ukoo wote, na za waliokufa. Mumewe alikuja baada ya kazi akapokea zamu. Hakuna aliyetaja gari.

Jioni, kabla ya taa kuwashwa, alifungua daftari kuandika, kalamu ikakataa. Akaandika tarehe. Akaandika "jua, upepo mchana". Kisha akakaa na karatasi ile, na lililokuja halikuwa la vikombe wala la gramu. Aliandika: "Ee Mungu nawataka wote wawili." Aliyatazama maneno hayo yalivyokaa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuomba jambo lote kwa ukubwa wake. Alizoea kuliomba likiwa limekatwa kingo, ili asionekane mroho.

Ijumaa mawingu yalikuwa mazito lakini hayakunyesha. Wote walikuja mapema. Mumewe alikuja na nguo za kazi. Mkwewe aliruhusiwa kuingia nje ya saa zake, kwa kuwa Bi Gramu alikuwa anatazama upande mwingine alipopita. Daktari alisimama miguuni mwa kitanda, na nje, chini ya dirisha, gari jeupe lilikuwa limekwisha kuegeshwa, milango ya nyuma wazi.

Mkubwa alipimwa kwanza: elfu moja mia sita na sitini. Hakuna aliyesikia.

Mdogo alivuliwa kila kitu. Akalazwa. Akapiga teke hewani, namba zikaruka, zikashuka, zikapanda. Wakangoja atulie. Mkwewe alikuwa amefumba macho, midomo ikimtembea. Namba zikasimama.

"Elfu moja mia moja na tisini na tano," alisema Bi Gramu.

"Pima tena," alisema daktari.

Bi Gramu alimwinua Mdogo, akaurudisha mzani kwenye sifuri, akabadilisha kitambaa, akamlaza upya.

"Elfu moja mia moja na tisini na tano. Gramu arobaini tangu jana."

Daktari alisogea akatazama kwa macho yake. Kisha akaenda mpaka dirishani, akalifungua, akamwambia dereva jambo, na mlango mmoja wa gari ukasikika ukifungwa, halafu wa pili.

Muuza mboga alipiga kigelegele. Wodi nzima ikadakia, watoto wakashtuka, wawili wakaanza kulia, na Bi Gramu akafoka, "Kimya! Mnawapunguzia uzito!" lakini alikuwa amewapa mgongo wote, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mume wa Mama Pacha alijiegemeza ukutani. Mkwewe alifumbua macho na kuuliza, "Wamesema ngapi?" akaambiwa, na ingawa hakujua gramu arobaini ni kiasi gani, alilia kana kwamba ni tani.

Daktari aliinua mkono mpaka wakatulia.

"Hii ni siku moja," alisema. "Nimefurahi, lakini ni siku moja. Huyu bado ana wiki kadhaa hapa, na akishuka tena nitamwita dereva. Namwacha kwa sharti. Kikombe cha mwisho ni chake mpaka ashike uzito, halafu utachanganya vyote. Na abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, wote wawili, asikose mmoja kwa sababu ya mwingine. Mama, peke yako huwezi. Hawa watu wako watasaidia?"

"Tupo," alisema mumewe.

"Tupo, na zaidi," alisema mkwewe.

"Basi nataka kusikia kwa kinywa chako mwenyewe, mama. Utaweza?"

Mama Pacha alimpokea Mdogo kutoka mikononi mwa Bi Gramu akamweka kifuani, mahali ambapo Mkubwa alikuwa amezoea. Akanyoosha mkono wa pili, na mumewe akamletea Mkubwa, akamlaza upande wa kushoto. Vichwa viwili vikakutana chini ya kidevu chake. Alizoea kusema kwa sauti ya chini mbele za watu, lakini safari hii alisema kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha tisa.

"Daktari, na wewe sista, na mama yangu, na mume wangu, na ninyi wenzangu wote mnaosikia, na Mungu aliyetangulia kusikia. Nina watoto wawili. Naahidi nitawabeba wote wawili, bila kumpunguzia mmoja na bila kumpunguza mmoja, hapa na nyumbani, mpaka wao wenyewe waseme, mama, tushushe."